Kuwashukuru waliosaidia kumpata Mkuu mpya wa Chuo: barua, mpangilio na makosa ya kuepuka

Swali: Mimi ni katibu wa bodi ya chuo binafsi cha kati hapa Tanzania. Tumempata Mkuu mpya wa Chuo na ataripoti mwezi ujao. Mwenyekiti ameniagiza niandae shukrani kwa wote waliosaidia: kamati ya utafutaji yenye wajumbe tisa, wafanyakazi, serikali ya wanafunzi na wataalamu tuliowaazima kutoka nje. Je, barua moja ya jumla inatosha? Zawadi zinaruhusiwa? Na walioomba nafasi wakakosa, nao wanashukuriwa? Mmoja wao ni Kaimu Mkuu wetu wa sasa.

Jibu:

Ndugu Katibu, hongereni kwa kufika salama. Barua moja ya jumla haitoshi, na kwa kazi ya siri kama hii inaweza kuleta madhara. Waliowasaidia hawakufanya kazi ya aina moja. Wapo waliosoma mafaili ya waombaji hadi usiku, wapo walioruhusu watumishi wao watoke kazini, wapo waliopigiwa simu kuulizwa habari za mwombaji, na wapo walioomba wakakosa. Ukiwaweka wote kwenye karatasi moja yenye orodha ndefu ya nakala, umemjulisha kila mmoja nani mwingine alihusika, na baadhi yao hawakupaswa kujulikana. Kanuni ninayoisimamia ni hii: taja wazi kazi aliyoifanya mtu, usitaje chochote alichokijua kwa sababu ya kazi hiyo. Mengi yanayofuata yanatoka hapo.

Kwanza mkataba na malipo

Kabla hujaandika hata mstari mmoja, hakikisha mambo mawili yamekwisha. La kwanza ni mkataba. Mtu aliyekubali kwa mdomo bado hajawa Mkuu wa Chuo. Mwajiri wake anaweza kumbakiza kwa kumwongezea mshahara, au mkakwama kwenye masharti ya nyumba na usafiri. Mkiwa mmeshawaandikia waliokosa kwamba nafasi imejazwa, mtarudi kwa mtu wa pili kwa aibu, naye ataingia ofisini akijua alikuwa wa akiba. Kwa hiyo mkataba usainiwe na pande zote mbili, waliofika kwenye usaili wapigiwe simu, wafanyakazi na wanafunzi watangaziwe, ndipo barua zitoke. Simu na tangazo vifanyike siku moja, simu asubuhi na tangazo mchana, kwa sababu habari ya namna hii ikilala usiku mmoja lazima ivuje.

La pili ni malipo. Posho za vikao, nauli na pesa za kujikimu za wajumbe waliotoka mbali ziwe zimelipwa zote kabla barua haijamfikia mtu. Mjumbe anayedai nauli za safari mbili akipokea barua nzuri yenye muhuri, anaielewa kuwa hesabu yake imefungwa. Kaa na mhasibu mpitie vocha moja moja mkilinganisha na mahudhurio. Kama kuna deni ambalo fedha yake haijapatikana, mwenyekiti ampigie mhusika na kumpa tarehe ya malipo, na barua yake isubiri hadi alipwe.

Orodha inatoka kwenye jalada

Usiandike orodha ya kushukuriwa kwa kukumbuka. Barua za uteuzi zitakupa wajumbe. Mahudhurio yatakuonyesha nani alikuja kweli na nani aliteuliwa akajitoa katikati. Mihtasari itakuonyesha wataalamu walioalikwa kikao kimoja tu. Vocha ndizo zinazowafichua waliosahaulika: dereva aliyewapokea wasailiwa stendi, mtu wa TEHAMA aliyesimamia usaili wa mtandaoni, mhudumu aliyebaki ofisini hadi saa mbili usiku, na aliyetoa nakala za mafaili, moja kwa kila mjumbe. Watu hawa hawahitaji barua ndefu, lakini wanahitaji barua yenye jina lao. Neno la “na wengine wote” ndilo wanalolizoea kila mwaka.

Kwenye orodha hiyo weka jina kama mwenyewe anavyoliandika, cheo chake, alichofanya kwa sentensi moja, mkuu wake wa kazi ni nani, na nani apate nakala. Hakiki vyeo kwa mtu mwingine: Dkt., Prof., Mhandisi, Wakili, Sista, Mchungaji, Sheikh. Anayeitwa Dkt. kimakosa huona haya kuitoa barua hiyo mahali popote, na aliyenyang'anywa Dkt. yake haisahau. Jina lililokosewa herufi moja pia linaiondolea barua thamani, maana mtu hawezi kuiambatisha kwenye maombi yoyote.

Nani asaini

Barua rasmi zote zisainiwe na Mwenyekiti wa Bodi, kwa sababu bodi ndiyo iliyoiunda kamati na ndiyo iliyopokea mapendekezo yake. Mwenyekiti wa kamati anaweza kuwaandikia wajumbe wake ujumbe mfupi, na ni vizuri afanye hivyo, ila yeye mwenyewe ni mtu wa kushukuriwa na barua yake itoke kwenye bodi.

Mkuu mpya asiwaandikie wajumbe kuwashukuru kwa kumchagua. Najua wengi wataona ni kukosa adabu, mtu kapewa dhamana kubwa halafu ananyamaza. Lakini fikiria miezi sita baadaye. Kati ya wale tisa yumo mkuu wa idara atakayeomba fedha za maabara, yumo mfanyakazi atakayefikishwa kwenye kamati ya nidhamu, na labda yumo mwenye kampuni inayouzia chuo vifaa. Mkuu akishaandika “nashukuru kwa kuniamini”, amekiri deni kwa maandishi, na siku mmoja wao akipendelewa, karatasi hiyo itatafutwa. Akiwaandikia baadhi yao tu ni vibaya zaidi, kwa kuwa ataonekana amejua nani alimuunga mkono, na hiyo ni siri ya kamati. Yeye ashukuru mara moja, hadharani, siku ya kutambulishwa, akiitaja bodi na jumuiya nzima ya chuo. Mweleze hili mapema, maana huenda ameshaanza kupiga simu.

Barua ya mjumbe wa kamati

Iwe ya ukurasa mmoja, kwenye karatasi yenye nembo, na iwe na kumbukumbu namba kama barua nyingine yoyote ya ofisi. Kila mjumbe apate ya kwake yenye aya moja inayomhusu yeye peke yake. Itoke ndani ya siku saba baada ya tangazo. Mwili wake unaweza kuwa hivi:

YAH: SHUKRANI KWA KAZI YA KAMATI YA UTAFUTAJI WA MKUU WA CHUO

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu.

Kwa niaba ya Bodi ya Chuo, nakushukuru kwa kuwa mjumbe wa Kamati ya Utafutaji wa Mkuu wa Chuo tangu tarehe … hadi tarehe …, ilipowasilisha mapendekezo yake kwa Bodi.

Bodi inatambua kwamba ulihudhuria vikao vyote vinane, na kwamba ndiye uliyekusanya maoni ya idara na kuyageuza kuwa rasimu ya sifa za mwombaji. Rasimu hiyo iliiwezesha Kamati kutumia vigezo vilevile tangu mwanzo hadi mwisho.

Kamati imemaliza kazi yake rasmi. Taarifa za waombaji na majadiliano ya Kamati yanaendelea kuwa siri. Naomba urudishe kwa Katibu wa Bodi nyaraka za waombaji ulizobaki nazo ifikapo tarehe …, na ufute nakala zilizomo kwenye simu na kompyuta yako.

Asante sana kwa muda na uaminifu wako.

Angalia aya ya kwanza inasema kamati “iliwasilisha mapendekezo”. Usiandike “kumchagua” wala “kumteua” Mkuu wa Chuo. Kamati hupendekeza na bodi huteua. Ukiipa kamati kazi ya bodi kwenye barua ya shukrani, umempa hoja yeyote atakayepinga uteuzi kwamba bodi haikukaa kuamua. Barua hii inaweza kutolewa kama kielelezo mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi, na huko hakuna atakayekubali utetezi kwamba yalikuwa maneno ya heshima tu. Kwa sababu hiyohiyo usiandike “kwa kauli moja”, hata kama ndivyo ilivyokuwa. Aliyekuwa na mashaka atajiuliza kwa nini unasema uongo, na kama kweli wote waliafiki, umeshafichua kilichojiri ndani. Alama, idadi ya kura, na majina ya waliobaki watatu wa mwisho, vyote vikae nje ya barua.

Aya ya pili ndiyo inayofanya barua isomwe mara mbili. Itafute kwenye mihtasari: nani aliandika tangazo, nani alifuatilia uhakiki wa vyeti, nani aliwaongoza wageni chuoni, nani alitafsiri maswali ya usaili, nani alipendekeza wanafunzi wasikilizwe kabla ya sifa kuandikwa. Kitu kimoja chenye uhakika kinatosha. Usijaze sifa za jumla kama “mchango wako wa thamani na usiopimika”, kwa kuwa wajumbe wataonyeshana barua zao, na wakikuta aya zinafanana, zote tisa zimepoteza maana.

Kuna mjumbe ambaye hakufanya kazi kubwa, alihudhuria vikao viwili kati ya vinane. Usimdanganye, na usimkomoe. Acha hesabu ya vikao, mshukuru kwa kuiwakilisha idara au kundi lake kwenye hatua aliyokuwepo, mfano kupitia rasimu ya tangazo. Barua yake itakuwa fupi kuliko za wengine na hakuna ubaya.

Mwingine ni yule aliyejitoa katikati kwa sababu ndugu au rafiki yake aliomba. Huyu anastahili shukrani ya pekee, kwa kuwa alitangaza mgongano wa maslahi wakati angeweza kunyamaza. Mshukuru hadi tarehe aliyojitoa na uandike kwamba aliheshimu utaratibu. Lakini barua yake isiwe na nakala kwa mtu yeyote nje ya jalada la bodi, maana atakayeisoma atakisia nani aliomba.

Jambo jingine ni maneno yanayoteleza kwa nia njema: “mmetupatia kijana mwenye nguvu”, “mmemrudisha mtoto wa nyumbani”, “mmetupa mwanamke wa kwanza kuongoza chuo”. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kazini kwa misingi kama umri, jinsia, kabila na mahali mtu anapotoka, na ulinzi huo unamgusa hata mwombaji wa kazi. Barua inayoishukuru kamati kwa kuleta “kijana” inasomeka kana kwamba umri ulikuwa kigezo. Msifu Mkuu mpya kwa sifa zilizokuwa kwenye tangazo, na hizo zikae kwenye taarifa ya uteuzi.

Barua kwa waajiri wa wajumbe

Hii ndiyo inayosahaulika zaidi na ndiyo yenye faida kubwa. Mtaalamu uliyemwazima kutoka chuo kingine, hospitali au halmashauri aliacha kazi yake ikimsubiri, na mkuu wake ndiye aliyebeba pengo. Mwandikie mkuu huyo barua fupi ndani ya wiki mbili:

Nakushukuru kwa kumruhusu Ndugu … kushiriki katika kazi maalumu ya Bodi ya Chuo chetu kwa siku … kati ya mwezi … na mwezi …. Alifika kwa wakati, alikuwa amejiandaa, na utaalamu wake katika masuala ya ithibati uliisaidia sana Bodi. Tutafurahi chuo chetu kikipata nafasi ya kurudisha wema huu.

Umeona imeandikwa “kazi maalumu ya Bodi”. Ikiwa ushiriki wake ulijulikana tangu mwanzo, unaweza kutaja kamati kwa jina. Kama haukuwekwa wazi, muulize yeye kwanza kabla ya kumwandikia bosi wake. Muulize pia aliombaje ruhusa, kwa sababu yupo anayechukua siku za likizo yake bila kumweleza mwajiri sababu, na barua yako ya wema ikamletea maswali.

Kwa wajumbe waliomo chuoni, nakala iende kwa mkuu wa idara na kwa afisa rasilimali watu, iwekwe kwenye jalada binafsi. Kazi ya kamati huhesabiwa kuwa huduma kwa taasisi mtu anapopimwa utendaji au anapoomba kupandishwa cheo, na bila karatasi haina ushahidi. Mwalimu aliyebebewa vipindi na wenzake wakati wa vikao, wataje na hao wenzake katika barua kwa mkuu wa idara. Sentensi moja inatosha.

Mwakilishi wa wanafunzi aandikiwe barua inayojieleza yenyewe, kwa kuwa ataipeleka kwa mtu asiyekijua chuo chenu. Eleza kamati ilikuwa na kazi gani, yeye alimwakilisha nani, alikusanya maoni kwa njia ipi, na kwamba alitunza siri. Neno hilo la mwisho lina uzito kwa mwajiri wa kijana anayetafuta ajira ya kwanza. Mpe nakala mbili zenye muhuri wa moto au wa wino kabla hajahitimu, maana akishaondoka kumpata ni kazi.

Waliotajwa na waombaji kuwa wadhamini wao, yaani mliowapigia au kuwaandikia kuulizia habari za mtu, wapate ujumbe mfupi wa baruapepe unaofanana kwa wote: asante kwa muda wako na kwa majibu uliyotupa, yatabaki siri. Usimwambie kama mtu wake amepata au amekosa. Mwombaji mwenyewe ndiye mwenye haki ya kumpa habari hiyo.

Walioomba wakakosa

Ndiyo, washukuriwe, na hawa wanahitaji uangalifu kuliko wote. Walikuamini na habari ambazo waajiri wao pengine hawazijui. Kwa waliotuma maombi tu, baruapepe ya mistari minne inatosha: tumepokea ombi lako, tunakushukuru, nafasi imejazwa, taarifa zako zitatunzwa kwa muda fulani na kisha kuharibiwa. Itume kwa mtu mmoja mmoja. Kosa linalotokea mara nyingi ni kuweka anuani zote kwenye mstari wa wapokeaji, na ndani ya dakika moja waombaji wote wamefahamiana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na orodha ya waombaji kazi ni taarifa binafsi.

Waliofika kwenye usaili wapigiwe simu na Mwenyekiti wa Bodi au wa kamati, kwenye namba ya mtu binafsi wala si ya ofisini kwake. Simu hiyo isizidi dakika tano. Aambiwe uamuzi mwanzoni kabisa, kisha ashukuriwe, kisha aachwe aulize. Ukianza na shukrani ndefu, anasubiri “lakini” huku moyo unamdunda, na hasikii chochote kati ya hapo. Usimwambie alikuwa wa pili. Usimwambie “tutakutafuta” kama hakuna kitu cha kumtafutia. Akiuliza alikosea wapi, mpe jambo moja lililoandikwa kwenye muhtasari na linalohusu kigezo cha tangazo, mfano uzoefu wa kusimamia bajeti, bila kumlinganisha na mwenzake. Barua ifuate baada ya siku mbili au tatu:

Bodi inakushukuru kwa muda ulioutumia kujiandaa, kusafiri na kuzungumza nasi tarehe …. Maswali uliyoyaibua kuhusu mafunzo kwa vitendo yaliisaidia Bodi kuliona jambo hilo kwa upana zaidi. Baada ya kuzingatia mapendekezo ya Kamati, Bodi imemteua mwombaji mwingine. Ombi lako litaendelea kuwa siri.

Sentensi ya pili iwepo tu kama ni kweli. Kama hakuna cha kutaja, iache. Barua fupi ya kweli inapokewa vizuri zaidi.

Kaimu Mkuu wa Chuo

Kaimu wenu ana mambo mawili tofauti na yasichanganywe kwenye karatasi moja. Ana shukrani ya kukiongoza chuo wakati hakina mkuu, na ana jibu la ombi lake. Jibu la ombi apewe ana kwa ana na Mwenyekiti wa Bodi, faragha, kabla ya mtu mwingine yeyote chuoni kujua, na ikiwezekana siku moja kabla ya tangazo ili alale nalo nyumbani kwake. Huyu ndiye pekee ninayemruhusu atangulie, kwa sababu kesho yake asubuhi atakuwa amesimama mbele ya wafanyakazi anaowaongoza.

Barua ya kumshukuru kwa kukaimu ije baadaye, baada ya makabidhiano, na iwe nzito. Itaje tarehe za kukaimu na mambo yaliyofanyika mikononi mwake: mitihani iliyokwenda kwa wakati, ukaguzi uliopita, mishahara iliyotoka, jengo lililokamilika. Nakala iende kwenye jalada lake. Hakikisha posho yake ya kukaimu imelipwa hadi siku ya mwisho ya makabidhiano. Hesabu hii hukosewa pale inapokatwa siku Mkuu mpya aliposaini mkataba wakati Kaimu aliendelea kubeba mzigo wiki tatu zaidi.

Hadharani ashukuriwe kwa kukaimu, kwa jina na kwa kutaja kazi, na pasitolewe hata fununu kwamba aliomba. Hata kama chuo kizima kinajua, bodi haijui. Muulize mapema angependa kukaa wapi siku ya hafla na kama yuko tayari kumkaribisha Mkuu mpya kwa maneno machache. Akisema hapana, usimlazimishe, na usimwachie mshereheshaji aamue.

Zawadi

Kwa hili niko mkali. Zawadi itoke chuoni, iwe ndogo, iwe sawa kwa wajumbe wote, iwe imeidhinishwa na bodi kwenye muhtasari kabla ya kununuliwa, na isiwe pesa taslimu wala vocha ya manunuzi. Cheti kwenye fremu, kitabu, kikombe chenye nembo ya chuo, au kitenge cha chuo kama mnacho, vinatosha. Bahasha ya “nauli ya kurudia” siku ya hafla, wakati nauli zilishalipwa, ni malipo yasiyo na vocha, na mkaguzi ataiona.

Mkuu mpya, mwenza wake, ndugu zake au wanaosali naye kanisani au msikitini wasitoe chochote kwa mjumbe: mbuzi, mchele, chakula cha jioni, hata mchango wa harusi ya mtoto wa mjumbe katika miezi ya mwanzo. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 haiishii kwa watumishi wa umma. Inamgusa pia mtu anayepokea manufaa kama tunzo kwa jambo alilolifanya katika shughuli za aliyemtuma, na mjumbe wa kamati alitumwa na bodi. Kuja baada ya kazi hakuifanyi zawadi kuwa salama. Wajumbe walio watumishi wa umma wana taratibu zao zaidi za kupokea na kutangaza zawadi, hivyo hata kikombe chako kiambatane na barua inayoonyesha kimetoka wapi.

Chakula cha mchana cha pamoja, kilichoandaliwa na bodi na kulipiwa kwenye bajeti ya mchakato, ni njia nzuri kuliko zawadi nyingi. Kifanyike kabla Mkuu mpya hajaripoti, bila yeye kuwepo, ili wajumbe waagane kama kamati.

Siku ya kumtambulisha

Maneno ya shukrani ya mwenyekiti yachukue dakika tatu. Wajumbe wa kamati wasomwe kwa alfabeti ya majina ya ukoo, kama uteuzi wao ulitangazwa. Ukisoma kwa ukubwa wa vyeo, mwanafunzi na mhudumu watakuwa wa mwisho wakati huenda ndio waliofanya kazi ngumu. Kama majina hayakutangazwa, kamati itajwe kwa ujumla na mwenyekiti wake pekee asimamishwe. Msomaji ayafanyie mazoezi majina siku iliyotangulia. Mkuu aliyestaafu au aliyeondoka, ikiwa yupo, ashukuriwe kabla ya kamati, kwa sababu jambo lake ni la miaka na la kamati ni la miezi. Mfano wa maneno:

“Kamati hii ilipewa kazi ya kusikiliza kabla ya kutafuta. Ilikutana na walimu, wafanyakazi na wanafunzi, ikaandika mnachokitaka, ikakitafuta. Ilileta mapendekezo kwa bodi kwa tarehe iliyoahidiwa na ikatunza siri za watu. Kwa niaba ya bodi, nasema asanteni sana.”

Sifa ya kumaliza kwa tarehe itamke kama ni kweli. Kama mchakato ulichelewa, ondoa sentensi hiyo, na usieleze sababu za kuchelewa mbele ya hadhira.

Kufunga kazi

Barua za ndani zipelekwe kwa mkono na kusainiwa kwenye daftari la kupokelea. Za nje zitumwe kwa Posta au kwa basi kulingana na ulivyozoea, na nakala iliyoskaniwa iende kwa baruapepe siku ileile. Nyaraka zinaporudi, mpe kila mjumbe risiti fupi yenye tarehe na idadi ya mafaili aliyorudisha. Kundi la WhatsApp la kamati lisiachwe likifa lenyewe. Mwenyekiti wa kamati aandike shukrani yake ya mwisho humo, awaombe wote wafute mafaili yaliyoshushwa kwenye simu, awaondoe wajumbe mmoja mmoja, kisha ajitoe. Wasifu wa waombaji uliotumwa kwenye kundi hilo unaweza kuwa umehifadhiwa kwenye picha za simu ya mtu bila yeye kujua, kwa hiyo mtu wa TEHAMA akae na kila mjumbe wa ndani dakika kumi waangalie pamoja.

Jalada la shukrani lifunguliwe peke yake, mbali na jalada la alama na usaili. Ndani yake zikae nakala za barua zote, orodha yako, muhtasari ulioidhinisha zawadi na vocha zake. Mjumbe akipoteza barua yake mwaka kesho akaja kuiomba, utampa nakala bila kufungua faili lenye majina ya walioomba.